Alama ya Sikio la Ng'ombe

Neno lililotaka kunipokonya mtoto ni alama. Si uchawi, si pombe, si mwanamke wa pembeni. Alama. Daktari alilitamka akitabasamu, mama mkwe wangu akalibeba mpaka nyumbani kama mtu anayebeba kaa la moto kwenye kigae, na kufikia Jumapili nyumba nzima ilikuwa inafuka moshi.

Lakini wacha nianze na vidole, kwa sababu ndivyo vilivyoanza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kabla ya ile mvua kubwa iliyokata barabara. Nilikuwa nimeolewa upande wa Bomet, mimi msichana wa Chepilat niliyemaliza kidato cha nne na kuambiwa na kila mtu kwamba nimepata boma zuri. Boma zuri maana yake ni ng'ombe wa gredi, nyumba ya mabati na chai inayoteremka mpaka mtoni. Maana yake pia ni kwamba mchumaji ni wewe. Binti yangu alikuwa bado mchanga nilipoona, asubuhi moja, mikono ikiwa ndani ya majani yenye umande, kwamba vidole vyangu vimegeuka vyeupe. Sisemi kupauka. Vyeupe kama chaki, kana kwamba damu imekatazwa kufika huko. Baadaye vikawa buluu, halafu vyekundu, vikawaka kama vimemwagiwa pilipili.

"Ni baridi," mume wangu akasema.

"Baridi ni ya watu wote. Mbona vidole vyako ni vya rangi moja?"

"Mimi sichumi asubuhi."

Kweli. Asubuhi yeye alipeleka maziwa, na maziwa yalikuwa na mazungumzo marefu huko njiani.

Dispensari walinipa dawa ya malaria. Nikarudi, wakanipa tena dawa ya malaria, safari hii ya rangi nyingine. Mara ya tatu yule bwana alinidunga mkono kwa sindano kuona kama nahisi. Nilihisi, na nilimwambia kwa sauti. Akasogeza kiti chake nyuma, akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuwa na ukoma. Aliuliza mlango ukiwa wazi. Kwenye benchi pale nje walikuwa wameketi wanawake wa kanisa letu, wote wakiwa wamenyamaza kwa adabu ili wasikie vizuri.

Kisha ngozi ikaanza kukaza. Vidole vilivimba, vikabana, pete ya ndoa ikakataa kutoka. Uso ukawa laini na kung'aa. Na hapa ndipo nilipojua watu wanavyotazama bila kuona: wanawake walinipongeza!

"Unapaka mafuta gani, mama?" mmoja aliniuliza tukingoja lori pale kwenye kituo cha kupimia majani. "Umezaa na umerudi kuwa msichana. Hata mkunjo mmoja huna."

Nilitaka kumcheka, mdomo ukakataa kufunguka. Tonge la ugali nililokuwa nikimeza bila kufikiri sasa nililikatakata kama la mtoto. Uso wangu ulikuwa unawambwa kama ngoma, na watu wanauliza jina la mafuta.

Tulipotumwa hospitali kubwa tulienda mimi, mume wangu na mama mkwe, mtoto akiwa mgongoni mwangu. Mama mkwe hakuja kwa kunihurumia. Alikuja kwa sababu hakuamini kwamba nitarudisha nyumbani maneno yote nitakayoambiwa.

Daktari alikuwa kijana kutoka Nairobi, mmoja wa wale wanaokuja siku moja na kurudi, viatu vyake vikiwa havijawahi kukutana na tope letu. Alijaribu kubana ngozi ya mgongo wa mkono wangu ikakataa kukunjika. Akafurahi. Nasema alifurahi kwa sababu niliona: aliinuka kidogo kwenye kiti, kama mtu aliyekutana njiani na kitu alichokisoma kitabuni. Akataja jina refu la ugonjwa, akalitafsiri: ngozi kuwa ngumu. Mwili una askari wake wa kuulinda, akasema, na askari wangu wamegeuka kuupiga mwili wenyewe. Dawa ya kuponya hakuna. Ziko tembe za kusaidia damu ifike vidoleni, na la muhimu zaidi, nikae mahali pa joto.

Nilimtazama. Wakati huo huo mvua ya mawe ilikuwa inapiga paa la hospitali ya Kericho hata ikabidi aseme mara mbili.

"Mahali pa joto," akarudia.

"Nimesikia," nikamwambia. "Unapajua?"

Ndipo akaja kwenye alama. Kila mtu, alisema, ana alama kwenye chembe za damu yake, nusu amepata kwa baba, nusu kwa mama. Askari wa mwili husoma alama hizo ili wajue huyu ni wetu, huyu ni mgeni. Na kuna alama fulani ambazo huonekana zaidi kwa watu wenye ugonjwa kama wangu. Angependa kutuma damu yangu itazamwe. Na hawa wawili wazima, kama hawajali, watoe pia, apate kulinganisha.

Mama mkwe akainua kidole. "Alama? Kama ile tunakata ng'ombe kwenye sikio?"

Daktari akapiga makofi. Naapa, alipiga makofi. "Hasa, mama! Umeelewa kuliko wanafunzi wangu."

Hakuelewa. Na yeye daktari hakuelewa kwamba hakueleweka. Kwetu sikio la ng'ombe hukatwa kwa mtindo wa ukoo wake, pengo hapa, mkato pale. Ng'ombe akipotea, akapatikana sokoni maili nyingi kutoka kwao, mzee atamshika sikio na kusema huyu ni wa fulani, na kesi imekwisha. Alama hiyo haina "labda." Ukimwambia alama mwanamke aliyelelewa kati ya ng'ombe, wewe unadhani umemfundisha sayansi, kumbe umemwambia: ugonjwa huu una mwenyewe, kamtafute.

Mama mkwe akakunja mkono wa sweta akatoa damu yake kifua mbele, kama shahidi anayekwenda kula kiapo. Mume wangu alitoa yake huku akitazama ukuta.

Jumapili baada ya kanisa wakaitana. Alikuja mzee, ndugu mkubwa wa marehemu baba mkwe, amevaa koti lake la mikutano. Wifi yangu akamimina chai. Waliketi kwenye viti vilivyotandikwa vitambaa vya kufuma, na vitambaa hivyo ni mimi niliyevifuma vidole vyangu vilipokuwa bado vyangu.

"Daktari amesema ugonjwa unatoka kwa baba na mama," mama mkwe akaanza. "Kila boma na alama yake. Sisi hapa hatujawahi kuona mtu ngozi inamkauka kama ya mbuzi juani."

Mzee akanigeukia. "Siku ya koito tuliuliza kwenu." Koito ni siku ya posa, koo mbili zinapoulizana mpaka walichokufa nacho mababu. "Tuliuliza kama kuna ugonjwa. Baba yako akasema hakuna."

"Na hakukuwa."

"Chepilat ni mpakani," wifi akasema, macho kwenye birika. "Mpakani damu imechanganyika. Nani anaweza kujua?"

"Nyanya yangu alikuwa Mkisii, na amekufa akiwa mkongwe anayetembea bila fimbo. Wewe hujafika arobaini na kila siku unalia mgongo."

"Mnasikia?" mzee akasema. "Mdomo haujakauka, huo."

Wakacheka. Mume wangu naye akacheka, kidogo, kwa pua. Wengine nimewasamehe nusu nusu. Kicheko hicho cha pua bado ninacho.

Kisha mama mkwe akalitoa walilokuwa wamelipika kabla sijaitwa. Mtoto aachishwe ziwa. Maziwa ya mama ni damu iliyogeuka rangi, akasema. Kila anaponyonya ninamkata sikio kwa alama yangu. Mimi nirudi kwa mama yangu nikapumzike.

"Na mtoto?"

"Atabaki."

"Abaki na nani?"

"Na watu wake," mzee akasema, akapuliza chai.

Hapo inabidi mjue jambo moja kuhusu watu hawa wa kanisa wasioonja hata pombe ya harusi. Binti yangu alipozaliwa, wanawake wazee walijifungia naye jikoni, wakavuta pazia ili mchungaji akipita asione, wakaanza kuita majina ya wafu wa ukoo wa baba yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka apige chafya. Jina atakalolipigia chafya ndilo lake. Mfu huyo amerudi. Na kwa kuwa mtoto alichelewa kuchagua, mmoja alimsogezea ugoro puani. Kwa ugoro ule hata mimi ningerudi kuwa mtu mwingine. Alipiga chafya kwa jina la mama wa huyu mzee, na tangu siku hiyo mama mkwe hamwiti kwa jina. Anamwita Kogo, yaani nyanya.

"Mzee," nikasema, "naomba kuuliza. Huyu mtoto ni nani?"

"Ni mama yangu," akajibu bila hata kufikiri. "Amerudi."

"Mama yako alizaliwa Chepilat?"

"La."

"Basi alama yangu imemfikia kwa njia gani? Akipiga chafya ni wa kwenu, akiogopewa ugonjwa ni wa kwetu? Nioneshe ng'ombe aliyekatwa masikio ya maboma mawili."

Wifi aliacha kumimina. Mzee alitazama ndani ya kikombe, kama aliyeangusha kitu humo. "Hayo," akasema, "ni mambo ya Fomu Foo."

Hivyo ndivyo wanavyosema wakishindwa. Ukiwa hujasoma, huna akili. Ukisoma, una mdomo.

Mume wangu akafungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Tungoje majibu ya damu."

Hakusema mke wangu haendi popote. Alisema tungoje, kama mtu aliyejibanza ukutani akingoja mvua ipungue. Wakakubaliana: alama ikionekana kwangu, nitakwenda, na nitakwenda mikono mitupu.

Kungoja huko sitaki kuwaelezea sana. Kila mchana mama mkwe alipasha maziwa ya ng'ombe, akaja na kikombe. "Kogo, kunywa. Kunywa, Kogo." Mtoto alifunga mdomo, akageuza uso. Sikumfundisha. Ningejua inawezekana ningemfundisha. Vifungo vya blauzi vilikuwa vimenishinda, kwa hiyo nilivaa sweta kubwa la mume wangu, nikamwingiza mtoto kwa chini, akanyonya humo gizani kama ndama. Kanisani wale waliokuwa wakinishika mkono na kuutikisa mpaka bega liume, maana sisi ndivyo tunavyosalimiana, sasa walinirushia "Chamgei" kutoka mbali, mikono ndani ya mikoba. Wakaimba kuhusu upendo, beti zote.

Lakini kuna hili pia, na sikumwambia mtu. Kila asubuhi kabla ya kumfunika, nilivishika vidole vya binti yangu nikavitazama dirishani. Kama vimepoa nilivipumulia. Nilikuwa nawadharau wote na hofu yao, na hofu yenyewe nilikuwa nayo kubwa kuliko yao wote. Tofauti ni kwamba mimi nilitaka kujua kitakachompata mtoto. Wao walitaka kujua ni kosa la nani.

Siku ya majibu tukaenda walewale. Daktari akafungua jalada, akauliza, "Niwaambie mmoja mmoja au wote pamoja?"

"Pamoja," mama mkwe akasema. "Hapa hakuna siri."

Nilipenda neno hilo. Nimelitunza.

"Mama mtoto," daktari akaniambia, "ile alama niliyokuwa natafuta, wewe huna."

Mama mkwe akasogea mbele. "Angalia tena."

"Nimeangalia."

"Lakini ni mgonjwa," mume wangu akasema.

"Ni mgonjwa, ndiyo. Wako wengi wenye ugonjwa huu bila alama hii. Na wako wengi zaidi wenye alama hii ambao watazeeka bila kuugua. Kama mama huyu." Akanyoosha kalamu.

Mama mkwe aligeuka nyuma kuona ni mama gani. Nyuma yake palikuwa na kabati tu.

"Wewe, mama. Wewe unayo."

"Mimi?" Aliinua mikono yake: vidole vinene, weusi wa utomvu wa chai umeingia kwenye kucha, mikono ambayo haijawahi kuumwa hata siku moja. "Mimi nimechuma chai kabla huyu hajazaliwa!"

"Na utaendelea kuchuma. Alama si ugonjwa, mama. Ni kama pengo kwenye ua wa boma. Pengo peke yake haliibi ng'ombe. Lazima mwizi aje, na mwizi huyo bado hatujui anatoka wapi."

"Na hilo la pengo," nikamwambia, "ungelisema siku ile. Siku ile ulipiga makofi."

Alicheza na kalamu. "Nilidhani mmeelewa."

Wasomi! Wakisikia ndiyo, wanafunga kitabu. Nusura mtoto wangu alipie makofi hayo.

"Na maziwa?" nikauliza.

"Maziwa gani?"

"Ya titi. Yanabeba alama? Yanabeba ugonjwa?"

"Hapana. Nani amesema?"

Mama mkwe akagundua kitu muhimu kwenye pindo la leso yake. Mume wangu akarudi kwenye ukuta wake.

"Mnyonyeshe," daktari akasema.

Mume wangu naye alikuwa nayo alama, imetoka kwa mama yake. Mtoto huenda aliirithi, huenda hakuirithi. Daktari hakuona sababu ya kumtoboa mtoto mzima. Nikamwuliza sasa lile langu: ataugua kama mimi? Akasema uwezekano ni mdogo sana, watoto wengi wa wagonjwa huwa hawapati, lakini kuniapia hawezi. Hajui. Katika maneno yote aliyosema tangu siku ya kwanza, hilo la hajui ndilo pekee nililomheshimia. Halikunipa usingizi, lakini halikunidanganya.

Nje, mama mkwe alificha mikono ndani ya leso kama mtu aliyekamatwa nayo. Tukatembea mpaka kwenye geti kabla hajasema, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Tusimwambie mzee."

"Kwa nini, mama? Hapa hakuna siri."

"Atasema nini?"

"Atasema kila boma na alama yake. Atatuma watu kwenu Kipkelion, waulize baba zako kama walisema kweli siku ya koito yako."

"Nimezaa watoto saba kwenye boma hilo!"

"Na mimi nimezaa mmoja. Tufunge mizigo pamoja? Wewe ushike njia ya Kipkelion, mimi ya Chepilat. Mtoto atabaki na watu wake."

Mume wangu akacheka. Kwa pua.

"Na wewe unacheka nini?" nikamgeukia. "Unayo pia."

Sijaona mtu akifunga pua haraka namna ile.

Jumapili mzee akaja na koti lake. Mama mkwe akawahi kusema, akiwa bado amesimama: daktari amesema mambo ya alama ni ya vitabu tu, mtoto anyonye, chai iko tayari. Alifikiri ataupita mto hapo. Nikasema yote. Nikataja nani anayo na nani hana, na Kipkelion nikaitaja, na pengo la ua, na ugoro pia, kwa kuwa nilikuwa nimeshafika huko.

Mzee alikunywa chai yake mpaka chini. "Basi," akasema, "hiyo alama haina maana."

"Ilikuwa na maana ilipodhaniwa ni yangu."

Aliomba aongezewe chai na sukari. Hakuna aliyeniomba msamaha, wala siku ile wala baadaye, na mume wangu, aliyekuwa amehamia kulala kwingine tangu kikao kile, aliporudi kulala upande wangu alirudi kama mtu aliyekuwa safarini tu. Kikombe cha maziwa ya ng'ombe kilirudi rafuni pamoja na vingine. Uchumaji wa asubuhi ukarudi kwa mama mkwe, maana vidole vyangu vilikuwa vimeanza kujikunja na kwenye umande havifai tena. Anachuma bila neno. Nikimwona anarudi, kikapu kimejaa, ananyoosha vidole na kuvitazama kidogo kabla ya kuingia ndani. Rangi moja. Simwambii kitu. Najua mtazamo huo.

Siku moja nilikuwa jikoni karibu na moto, mtoto ndani ya sweta, kuni mbichi zikitoa moshi. Mama mkwe alikuwa anasugua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa kaa la mti, kichwa chini. Mtoto akaachia titi, akapiga chafya. Chafya kubwa, ya mtu mzima. Mama mkwe akainua kichwa kwa mazoea, mdomo tayari umefunguka kuita.

"Ni moshi," nikasema.

Akaufunga. Mtoto akalitafuta titi kwa mikono yake miwili, akalishika, akaendelea.